Mgeni Ndani ya Kompyuta

Nikiri mapema kwamba mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nimefundisha Kiswahili na kuongoza chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, na muda wangu mwingi wa kazi niliutumia kuhakiki mashairi, riwaya na insha za wanachuo. Kwa hiyo msomaji asitarajie maelezo ya fundi. Ninachokusudia ni kuhakiki jambo moja linalopendwa na vijana wa siku hizi, kwa vigezo vilevile ambavyo ningevitumia kuhakiki diwani au tamthiliya. Jambo lenyewe ni kuwasha kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya.

Nililiona kwa mara ya kwanza hapa nyumbani Kirumba, kwenye mteremko ambao upepo wa ziwani ukivuma huleta harufu ya dagaa wa Mwaloni mpaka sebuleni. Mjukuu wangu, anayesomea mambo hayo Dar es Salaam, alikuwa likizo. Alifungua kompyuta yake mpakato, na katikati ya kioo likatokea dirisha, ndani ya dirisha ikaamka Windows 98 kwa mlio wake ule wa kukaribisha. Akacheza karata kidogo, akacheka, akaifunga. "Umeona, Babu?" Niliona, lakini sikuvutiwa. Ilinikumbusha kijana anayevaa koti la marehemu babu yake kwenda nalo harusini ili watu wacheke. Na hakika sehemu kubwa ya mtindo huu ni hiyo: watu wanatamani mlio, rangi na michezo ya utoto wao, basi. Uhakiki ungeishia hapo kama tusingeendelea.

Jinsi unavyofanya kazi, kwa kadiri nilivyoelewa, ni hivi. Kompyuta mpya ina mfumo wake unaoiendesha. Juu ya mfumo huo huwekwa programu maalumu, kwa mfano VirtualBox, ambayo kazi yake hasa ni kudanganya. Hujifanya kuwa kompyuta kamili yenye kumbukumbu, diski, kioo na kibodi, ilhali diski hiyo ni faili moja tu na kioo hicho ni dirisha moja miongoni mwa madirisha mengine. Mfumo wa zamani ukiwekwa humo haujui kwamba umo ndani ya mwingine. Huamka, huhesabu kumbukumbu yake, kisha husubiri amri kama ulivyozoea. Wataalamu huuita mfumo wa nje mwenyeji na wa ndani mgeni, na hapo naona istilahi imekaa mahali pake. Ila ile kompyuta ya kuigiza wapo wanaoiita mashine pepe, kwa mfano wa barua pepe. Sina ugomvi nao, lakini sisi tuliokulia kwenye majaruba ya mpunga tunajua pepe ni punje isiyo na kitu ndani, na nilichokuja kukikuta humo hakikuwa kitupu.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ya Marekani ililishughulikia tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wa VM/370, ambao uliifanya kompyuta moja kubwa iwahudumie watu wengi, kila mmoja akiona kana kwamba anayo yake peke yake. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ikalileta wazo hilo kwenye kompyuta za mezani, na mwaka 2007 VirtualBox, iliyoanzia Ujerumani, ikatolewa bure.

Sisi tulipita njia nyingine. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mahesabu ya serikali yalipoharibika, ikalaumiwa kompyuta, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, ndipo lilipotolewa Azimio la Musoma, lililoagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Naomba msomaji auweke mwaka huo akilini, nitaurudia. Kwa sasa yatosha kusema kwamba walimu wa rika langu walisoma, wakaajiriwa na kuzaa watoto kabla ya kuiona kompyuta kwa macho. Chuoni kwetu ilifika moja tu mwaka 1995, kwa msaada wa wafadhili.

Siku ya pili mjukuu alinionyesha kitu kingine, na hapo ndipo nilipoanza kuliheshimu jambo hili. Ndani ya Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, aliwasha Jambo OpenOffice. Wengi wamekwisha kuisahau. Ilitolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, na nia yake ilikuwa kumwezesha Mswahili kuandika barua na kupiga hesabu kwenye kompyuta inayomwongelesha kwa lugha yake. Nilivaa miwani, nikaisoma kama ninavyosoma tafsiri yoyote.

Ni tafsiri ya kuheshimika. Angalia neno *Hariri*. Kwa Kiingereza neno la mahali pale laweza kusomwa kama amri kwa mashine au kama jina la kazi, na msomaji hasumbuki. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Mfasiri lazima aamue: Hariri, Kuhariri, au Uhariri? Wao waliamua kutumia amri, na papo hapo likazuka swali ambalo Kiingereza kililificha, yaani nani anamwamuru nani. Je, mimi ndiye ninayeiambia mashine ihariri, au ni yenyewe inayoniambia mimi? Pembeni yake liko neno *Faili*, ambalo ni nomino tupu isiyoamuru mtu. Mwanachuo akiniletea orodha yenye mchanganyiko wa namna hiyo nitamzungushia wino mwekundu; lakini nikilitazama jambo lenyewe, nashindwa kusema angefanya nini badala yake. Enzi zile maneno yalikuwa yakigombana: kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kipanya na puku, nywila na nenosiri. Mengine yameshika, mengine yamekufa. Anayetaka kuandika historia ya istilahi za Kiswahili atahitaji kuwaona wafasiri wale wakiwa kazini, neno likiwa mahali lilipowekwa, na orodha ya msamiati peke yake haitamtosha. Kitabu cha 2004 ukikikuta kabatini utakifunua tu. Programu ya 2004 haifunuliwi. Inahitaji nyumba ya rika lake ili iamke. Kwa hiyo nilimwambia mjukuu asiifute, akaniahidi.

Sasa nifike kwenye kopo la biskuti.

Shemeji yangu mmoja, mjane wa rafiki yangu, aliniletea kopo hilo likiwa na disketi 11. Marehemu alikuwa mkufunzi wa fasihi chuoni kwetu. Alifariki mwaka 2009. Katika miaka ya 1995 na 1996 tuliandika pamoja mswada kuhusu ufundishaji wa Kiswahili katika shule za msingi. Niseme vizuri: yeye ndiye aliyeandika kwenye kompyuta, kwa programu ya WordPerfect 5.1. Mimi, kwa kuwa nilikuwa Mkuu wa Chuo, niliandika kwa mkono, mpiga chapa akaingiza, kisha nikaletewa karatasi zilizochapwa nizisome ofisini. Mashine yenyewe sikuigusa. Nilidhani haikuwa kazi ya mkuu.

Shemeji alitaka kujua kama humo kuna chochote cha mumewe. Unyevu wa ziwa ulikuwa umekwisha kuota ukungu kwenye disketi nne, hazikusomeka kabisa. Saba zilisomeka kwa kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Disketi moja ya aina hiyo hubeba megabaiti 1.44, picha moja ya simu ya leo mara nyingi haienei humo, lakini mswada wetu wote ulienea na nafasi ikabaki.

Mjukuu kwanza aliufungua kwa programu ya maandishi ya kisasa. Ulifunguka. Lakini kurasa 84 nilizozikumbuka zilikuwa zimekuwa 61, majedwali yamesambaratika, na kila neno la Kiswahili limepigiwa mstari mwekundu kana kwamba tumeandika makosa matupu. "Babu, si maneno ni yaleyale?" aliniuliza. "Nayageuza sasa hivi kuwa faili ya kisasa, kazi imekwisha."

Hili ndilo swali la msingi la uhakiki huu, na halikuanza na kompyuta. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir iliandikwa kwa hati za Kiarabu, kama tenzi zetu zote za kale. Hati ile haikuwa na herufi kamili za sauti zetu, hivyo herufi moja iliweza kusomwa kwa namna mbili au tatu, na msomaji wa pwani aliamua mwenyewe kwa sikio lake. Mhariri alipoigeuza kwa herufi za Kilatini, kama William Hichens alivyofanya katika chapisho la 1939, alilazimika kuamua kwa niaba yetu sote. Tunamshukuru, maana wengi wetu tusingeisoma. Lakini hakuna mwalimu wa fasihi anayestahili jina hilo atakayesema kwamba, kwa kuwa tunayo nakala ya Kilatini, miswada ya awali ichomwe moto. Katika kugeuza, kitu huanguka njiani, na anayegeuza hajui kilichoanguka kwa sababu yeye hakukiona. Nilimwambia mjukuu anijengee ile nyumba ya ndani.

Alitumia FreeDOS, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1994 na Mmarekani Jim Hall ili kuchukua nafasi ya DOS ya Microsoft. Akaweka WordPerfect kutoka kwenye disketi za kopo lilelile. Akakata kabisa mawasiliano ya mtandao, kwa maana mfumo mkongwe hauna kinga dhidi ya maradhi ya leo. Nilipenda uangalifu huo. Kioo kikawa bluu, maandishi meupe. Mjukuu alifurahi: "Hii ndiyo yenyewe!" Nikamwambia siyo. Kioo cha chuoni kilikuwa cheusi chenye herufi za kijani, na faili lilifunguka huku disketi ikikoroma, muda wa kumaliza kikombe cha chai. Hapa lilifunguka kabla sijakaa sawasawa. Hata sauti ilikuwa tofauti: feni ya kompyuta ilianza kuvuma kama ya daladala inayopanda mlima, kwa sababu DOS haijui kupumzika, kila nukta huuliza kama kuna kitufe kilichobonyezwa. Kwa hiyo anayedai kwamba mashine hizi zinaturudishia wakati uliopita anakosea. Nazo ni aina ya tafsiri. Tofauti ni kwamba zinatafsiri chombo na kuyaacha maandishi jinsi yalivyo.

Na maandishi yalikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona. Katika sura ya tatu, sura yangu, katikati ya aya kulikuwa na visanduku vyenye mistari miwili pembeni, na ndani yake maneno. Katika WordPerfect hayo ni maoni: huonekana kwenye kioo lakini hayachapwi karatasini. Programu ya kisasa ilikuwa imeyaruka bila kusema neno. Vilikuwa visanduku vitano, na cha kwanza kilianza, "Mkuu".

Sura ile ilihusu kuporomoka kwa Kiswahili shuleni, na lawama nilikuwa nimewabebesha walimu wa UPE. Msomaji wa makamo atakumbuka. Ili kutimiza Azimio la Musoma, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundishwa kazi wakiwa kazini, kwa redio na masomo ya posta, kisha wakaitwa vyuoni kwa wiki chache. Niliandika kwamba hawakujua ngeli wala insha, na kwamba waliharibu kizazi. Niliandika kwa ufasaha, nasikitika kusema.

Katika kisanduku cha kwanza rafiki yangu aliniuliza, kwa adabu zote, nina maana ya shule ipi hasa. Katika cha pili alinikumbusha kwamba mwaka 1978, tukiwa wakufunzi vijana, tulipanda pamoja meli ya Nansio kwenda Ukerewe kuwapima vijana hao, na kwamba nilisaini fomu za wote kwa siku moja na nusu kwa sababu meli ilikuwa inarudi. Cha tatu kilimhusu msichana mmoja aliyekuwa na watoto 90 wa darasa la kwanza chini ya mwembe, bila vitabu, akiwafundisha kuandika mchangani kwa vijiti. Kwa mujibu wake, watoto wale walikuwa wanasoma. Mimi nilimwandikia kwamba andalio la somo halikukamilika. Cha nne kilikuwa na sentensi moja tu, kwamba walimu hawa ni wanafunzi wetu. Na cha tano kilisema, kama Mkuu ataona haya hayafai ayafute, kwani yeye hatayarudia kwa mdomo.

Meli naikumbuka. Msichana simkumbuki.

Faili lilikuwa na tarehe yake: 17 Mei 1996. Nusura tarehe hiyo nayo ipotee, maana faili likihifadhiwa upya huvaa tarehe ya leo. Siku nne baadaye, tarehe 21, MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza. Yeye alipoteza mdogo wake katika meli ile. Nilikuwa naye makaburini Igoma. Wiki zile hakuna aliyezungumza habari za miswada. Ziliporudi siku za kawaida, mpiga chapa aliniletea sura ya tatu ikiwa safi, bila alama hata moja, nikachukulia kwamba mwenzangu ameikubali. Mwaka 1997 niliirudufu na kuigawa kwenye semina ya wakufunzi. Naye alikuwa amekaa safu ya pili. Alipiga makofi na wengine.

Nimejiuliza mara nyingi kama aliamini kwamba niliyaona, nikayapuuza. Kwa tabia yake asingeuliza. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko lawama zenyewe, ambazo sasa naona zilikuwa za haki.

Kuna watakaosema kwamba haya yote yangepatikana kwa programu bora zaidi ya kugeuza mafaili. Huenda. Nami sisemi kila kitu kihifadhiwe katika nyumba yake ya asili. Orodha za mahudhurio, bajeti za jiko na barua za kuomba mabati zigeuzwe tu, hakuna atakayezililia. Lakini maandishi ambayo mtu aliyafikiria, na mtu mwingine akayajibu, yasomwe kwanza kwa chombo yalichoandikiwa, walau mara moja, kabla hatujatangaza kwamba tumeyaokoa. Mjukuu wangu, ambaye mwanzoni alikuwa akicheza karata, siku ile alisoma visanduku vyote vitano akiwa kimya nyuma ya kiti changu. Kisha akauliza, "Babu, kwani hukuwahi kuifungua mwenyewe?" Sikuwa na jibu zuri la kumpa, nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa Mkuu.

Kabla sijagusa chochote alihifadhi hali ya mashine jinsi ilivyokuwa, ili hata nikiharibu tuweze kurudi pale pale. Ni sifa moja ya mashine hizi ambayo ningeipenda ingekuwapo penginepo pia. Kisha akanionyesha njia. Unabonyeza Ctrl pamoja na F5, unachagua maoni, halafu unachagua kuyageuza kuwa maandishi. Kisanduku huvunjika na maneno yaliyokuwa ndani yake hushuka na kuungana na aya. Nilifanya hivyo mara tano, kwa kidole changu mwenyewe. Tukaenda kuchapa kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na soko la Kirumba, nikampelekea shemeji. Miwani yake ilikuwa imevunjika, akaomba nimsomee, nikamsomea yote, hata ya Ukerewe.

Sura hiyo ndiyo inayofuata katika kitabu hiki. Ilikuwa na kurasa 14, sasa ina 17, na maneno yake nimeyaacha pale pale alipoyaweka.